Ukungu wa Picha Mbichi

Tarehe 4 Februari

Kiroboto mwanangu,

Salamu zako zimenifikia kwa mdomo wa shangazi yako, ila nusu kazila njiani kama kawaida yake. Anasema umepata filamu. Anasema ni ndefu, ya mhunzi na mkewe, ya kuonyeshwa ukumbini watu wakakaa kimya. Anasema tena kwamba ile picha ya mwisho kabisa, uso wa mke mbele ya moto wa mumewe, unataka niipige mimi baba yako. Hapo nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akasema kaka mimi nina nguo za watu za kushona.

Sasa sikiliza. Simu sitaki. Kwenye simu maneno yanapita kama gari la zimamoto, ukigeuka limeshafika kona. Niandikie barua, mpe dereva wa basi la mizigo, nami nitakujibu kwa mkono wangu mwenyewe. Darasani nilikaa miaka miwili tu, mengine nimejisomea kwenye makopo ya filamu, lakini mpaka leo hakuna barua yangu iliyorudishwa eti haieleweki.

Umesema una kamera tatu mbele yako na hujui uchukue ipi. Umefanya la maana kuniuliza. Wenzangu hawakuniita Mwewe kwa sababu ya pua. Kuna mwongozaji mmoja alikuja na kipima mwanga cha bei mbaya, kiko ndani ya mfuko wa ngozi kama hirizi. Mimi nikanyoosha kiganja juani, nikakitazama, nikamtajia namba. Akatazama kipimo chake. Akakirudisha mfukoni na hakukitoa tena mpaka tunafunga kazi. Muulize yeyote, ila wengi wameshakufa.

Basi jaribu hivi. Usinipigie maua wala watoto wanaocheka. Nenda kwa mhunzi wa kweli, msimamishe mlangoni mwa karakana saa ya jua kali. Nyuma yake giza, mbele yake jua, kando yake moto. Kamera mbovu itachagua: itakupa jua na mhunzi awe kipande cha mkaa, au itakupa mhunzi na jua liwe shuka jeupe. Kamera nzuri inabeba vyote, kama mama wa mapacha watatu, hamwangushi hata mmoja. Kisha igeuze haraka kushoto kulia. Nguzo za mlango zikipinda, jua hiyo kamera ni mlevi, achana nayo. Halafu itazame ngozi. Ngozi yetu ndiyo mtihani. Ikitoka kijivu, kamera hiyo haijui watu.

Tangu waliponistaafisha, wakasema filamu za makopo zimekwisha na mimi nimekwisha nazo, sijaweka jicho kwenye kamera ya kazi. Picha za pasipoti hazihesabiki. Hiyo picha ya mwisho usimpe mtu mwingine.

Mimi baba yako,
Mwewe


Tarehe 15 Februari

Baba, shikamoo.

Kama unasoma umesimama, kaa kwanza. Bahasha hii ina flashi ndani. Shangazi anajua pa kuichomeka kwenye televisheni.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Bosi wangu hapa dukani tunapokodisha vifaa amenipa kamera zote tatu kwa siku moja, na mhunzi mmoja nyuma ya gereji ya malori amekubali kusimama mlangoni kwake mpaka akachoka. Alikuwa ananiuliza, "Dada, unanipiga picha au unanioka?" Nilipiga mara tatu, kila kamera mahali palepale, lenzi ileile, jua lilelile. Sauti hakuna, ni picha tupu.

Ya kwanza ndiyo ghali. Nzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyelala, na betri zake zinakula umeme kama harusi. Hatuwezi kuinunua, ni ya kukodi tu, na tukiikodi fedha ya taa imekwisha. Ya pili ni ya kati, inajitahidi, lakini ina tabia ya kupata joto na kujizima. Ya tatu ni ndogo, inaingia kwenye mkoba wa shangazi. Bei yake haifiki hata robo ya ile ya kwanza, tungeinunua kabisa ikabaki yetu, na filamu ya pili tukapigia hiyohiyo. Watu wanaidharau. Mimi nikiitazama naona kama inakaribia kabisa ile kubwa, lakini siyaamini macho yangu kwa sababu naipenda bei yake.

Ndiyo maana nakuuliza wewe, usiyejali bei.

Wafadhili wanataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili, maana tunaanza kupiga Juni. Tazama taratibu. Kisha niambie ipi.

Na picha ya mwisho ni yako. Nimeshaandika hivyo kwenye ratiba, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

Binti yako,
Kiroboto


Tarehe 24 Februari

Kiroboto,

Umenitumia nini? Nimepiga kelele mpaka mteja wa shangazi yako akachomwa pini ya kiunoni.

Nimezipa majina hizo kamera zako. Ile kubwa ni Kifunguamimba, ya pili ni Wa Kati, ile ndogo ni Kitindamimba. Basi hao ndugu watatu wana ugonjwa mmoja. Wote wana ukungu! Kama mtu kapumulia kioo kisha akasahau kukifuta. Huyo mhunzi wako ni kivuli chenye nyundo. Moto wake ni doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Nimesogea mpaka pua ikagusa televisheni, nimerudi nyuma mpaka nikakalia cherehani, shangazi yako akapiga yowe, ukungu uko palepale.

Enzi zetu picha kama hii ingetupwa, na aliyeipiga angetumwa kununua sigara za wenzake mwezi mzima. Wamekuuzia nini hao? Umesahau kufuta lenzi? Nilikufundisha kufuta lenzi kabla hujajua kufuta pua.

Shangazi yako anasema ukungu huo hata yeye anauona, kwa hiyo usije ukaniambia ni uzee. Siku hizi amepata hadithi mpya. Jana nimemimina chai nikakosa kikombe, kosa la kikombe, kilikuwa kimekaa pembeni, basi naye kashika kiuno, "Kaka, macho hayo." Nikamwambia macho haya yalipima jua wakati wewe hujui hata kutunga uzi kwenye sindano. Akaninunia mpaka jioni.

Nijibu haraka. Sitachagua katika wagonjwa.

Baba yako,
Mwewe


Tarehe 5 Machi

Baba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu kaunta, mteja akaondoka. Kosa ni langu, nilisahau kukueleza.

Kamera za siku hizi hazikupi picha iliyoiva, baba. Zinakupa mbichi. Ni kama zile filamu zako kabla hazijaingia kwenye dawa. Nyeusi haiwi nyeusi, nyeupe haiwi nyeupe, rangi zote zinakuwa kama nguo iliyofuliwa mara mia. Inafanywa hivyo makusudi. Ndani ya ukungu ule kila kitu kimehifadhiwa, jua na giza na ngozi, halafu mtu anakaa mezani anakoleza rangi mpaka picha inaiva. Ukungu si ugonjwa. Ukungu ndio akiba yenyewe.

Kwa hiyo jicho lako liko sawa. Limeona kilichopo. Wako watu wamesomea mambo haya wanadanganywa na picha mbichi, wewe umeikataa mara moja.

Nipe muda nizikoleze zote tatu, kisha utazame upya. Nazipeleka kwa jirani yetu mwenye meza ya rangi, anaifungua jioni baada ya kazi zake.

Jambo moja tu. Shangazi kaniambia kwenye simu kwamba daktari wa macho anakuja zahanati kila mwisho wa mwezi. Nenda basi akupimie miwani. Siku ya kupiga nataka uone mpaka jasho kwenye kope za yule mama wa picha ya mwisho.

Binti yako,
Kiroboto


Tarehe 26 Machi

Mwanangu mwenye akili,

Barua yako nimemsomea shangazi yako mara mbili. Pale ulipoandika jicho lako liko sawa, nilisoma mara tatu, kwa sauti, na nikamwomba mteja aliyekuwa anapimwa gauni awe shahidi. Shangazi yako alibaki na futi kamba mdomoni.

Nilijua! Nikasema mimi kitu hiki kina maelezo. Picha mbichi. Ningekuwa nimeambiwa tangu mwanzo nisingegombana na mtu.

Zahanati nilikwenda, usinidhanie mbishi. Nilivaa shati la kutokea. Nikakuta wazee wamejipanga ukutani wanapepesa kama kuku walionyeshewa, kila mmoja kashikwa mkono na mjukuu. Nikawasalimia. Nesi akaniuliza, "Babu, tatizo nini?" Nikamtolea barua yako, nikamwambia binti yangu ni fundi wa kamera, kaniandikia hapa, soma mwenyewe. Akasoma. Akacheka, akasema hongera. Nikaondoka na shati langu. Kwa nini nimchukulie nafasi mtu anayeumwa?

Na nikuambie, hii kazi ya picha mbichi imenikaa. Siku hizi hata nje naona hivyo hivyo, hasa jioni, dunia nzima haijaingia kwenye dawa. Hata shangazi yako naye ni picha mbichi, namwambia kaa hapo ukolezwe rangi. Hacheki. Jicho la fundi ndivyo lilivyo, likishika kazi haliachi.

Mengine ya hapa ni madogo. Kidato cha mlango wa nyuma kimeshuka, sijui udongo umekula, nikakanyaga hewa. Goti limechubuka tu. Na wapanda pikipiki siku hizi hawana adabu, mmoja kanitokea ubavuni bila honi, watu wakapiga kelele wakanivuta. Nikamtukana mpaka nikasahau nilikokuwa naenda.

Leta picha zilizoiva. Nipo tayari. Mkono nimeufanyia mazoezi, naushikisha kopo la mchanga kila asubuhi nisije nikatetemeka siku hiyo.

Baba yako,
Mwewe


Tarehe 6 Aprili

Baba, shikamoo.

Hizi hapa. Nimekaa kwenye meza ya rangi mpaka mwenye meza akaniuliza kama sina kwetu. Sasa zimeiva. Mlango wa karakana ni kijani kile cha chupa. Aproni ya mhunzi ni ya ngozi, kahawia, na kilemba cha mkewe, aliyekuja kusimama pembeni yake, ni chekundu mpaka kinaumiza. Utaona kwenye moto kuna njano ndani ya njano.

Mwanzoni kabisa, kabla ya Kifunguamimba, nimekuwekea kichekesho kidogo. Hakina uhusiano na kazi. Utakitambua mwenyewe, nami nitakuwa hapa nacheka kabla hujaniandikia.

Halafu nijibu haya matatu. Ngozi, ipi ina ngozi ya mtu? Giza la nyuma ya mhunzi, ipi imelibeba bila kutapika zile chenga kama mchanga kwenye picha? Na la mwisho: je, ile kubwa inaizidi ile ndogo kiasi cha kuninyima taa? Kwa sababu taa ndizo zitakazoupiga uso wa yule mama siku yako.

Neno lako ndilo nitakalowapelekea wafadhili.

Binti yako,
Kiroboto


Tarehe 13 Aprili

Kiroboto,

Kazi imekwisha. Mwewe ametua.

Kichekesho nimekiona, nimecheka mpaka machozi. Huyo mhunzi wako ana vituko! Mtu kama huyo usimwache, mpe nafasi kwenye filamu, anafaa kuigiza.

Sasa majibu. Kifunguamimba ana majivuno, anataka atazamwe yeye badala ya mhunzi. Wa Kati hana msimamo. Kitindamimba ndiye. Ngozi yake ni ya mtu, giza kalibeba kama mzigo begani, na nikupe moja ambalo hao wasomi wako hawataliona: itazame aproni. Mshono wa aproni unaonekana uzi kwa uzi. Mshono wa juu umerudiwa mara mbili na fundi aliyeushona alikuwa na haraka. Kamera inayokuonyesha haraka ya fundi, unataka nini tena? Nunua Kitindamimba, nunua na taa.

Ila nitakukosoa kidogo, wewe ni mwanangu. Rangi umeziogopa. Bado mbichi. Hicho kilemba chekundu unachokisifia kimefifia, ukungu haujatoka wote. Mwambie huyo mwenye meza akoleze, asionee huruma rangi, si yake.

Nitakuja na basi la asubuhi. Nitumie tarehe.

Baba yako,
Mwewe


Tarehe 17 Aprili

Baba,

Aliyesimama mlangoni pale mwanzo si mhunzi. Ni mimi.

Nilivaa koti lako la kazi, lile uliloniachia. Nikanyoosha kiganja juani kama wewe. Kisha nikatembea mpaka kwenye lenzi, uso wangu ukajaa kioo chote cha televisheni, nikakupungia mkono, nikasema baba bila sauti. Nilikaa hapo kwa muda mrefu, baba. Hakuna mtu mwingine kwenye picha ile.

Na rangi zimeiva. Bosi kaniambia nizipunguze, eti kilemba kinapiga kelele.

Barua zako zote nimezitandaza mezani hapa dukani. Kikombe. Kidato. Pikipiki ya ubavuni. Mistari yako ilivyokuwa inapandana, mimi nikasema ndio mwandiko wake. Nimezisoma zilipofika nikacheka, kila moja.

Mimi ndiye niliyekuandikia jicho lako liko sawa. Umeipeleka hiyo barua kwa nesi.

Shangazi, najua wewe ndiye unayemsomea hii, na kama anasoma mwenyewe kwa kukisia, mnyang'anye. Asisubiri daktari wa mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali kubwa kesho, akikataa mwite dereva wa basi amsaidie kumpandisha. Siwezi kutoka hapa kabla ya Jumatano, nimeshika zamu peke yangu. Jumatano nakuja.

Baba, nikasirikie mimi ukiwa umeshafika huko.

Kiroboto


Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Nilijua ni wewe tangu mwanzo. Nilikuwa nakutania.

Usije, una kazi. Shangazi yako anafunga begi la hospitali. Nimelifungua. Amelifunga tena.

Baba yako


Tarehe 21 Mei

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, jirani wa duka alikuwa ameniwekea funguo. Nilipoondoka ulikuwa umegeukia ukutani, nikasema labda umelala. Najua hukuwa umelala.

Maneno ya daktari nayarudia kila mara ili niyapate mahali yalipokosea. Mtoto wa jicho anatolewa, kasema, hata leo angemtoa. Lakini nyuma yake presha ya macho imeshamaliza kazi yake kimyakimya, jicho la kulia limekwenda lote, la kushoto limebaki kivuli cha mkono ukipita, nacho kinaondoka. Kilichokwenda hakirudi, na dawa ni ya kuchelewesha tu. Wewe ukamwambia arudie. Akarudia. Ukamwambia, "Kijana, wewe umeona macho mangapi mpaka sasa?" Aliposema mngekuja mapema kidogo, mwanzoni mwa mwaka, mimi nilitoka nje. Sikumwacha amalize. Nisamehe nilikuacha mle ndani peke yako.

Matone usiyaruke. Shangazi kasema unamwambia umeshaweka kumbe chupa iko vilevile.

Wafadhili wameniongezea muda mpaka Ijumaa ijayo. Nimeamua. Nanunua Kitindamimba, kwa sababu wewe ndiye uliyeichagua. Sitaki maoni ya mtu mwingine. Ijumaa nalipa.

Na picha ya mwisho bado ni yako. Jina lako sijalifuta kwenye ratiba. Nitakusimamisha nyuma ya kamera, nitakushika mkono, nitakunong'oneza kila kitu kilivyo, uso uko wapi, moto uko wapi, wewe utaigeuza tu. Wenzangu wote wamekubali. Wengine walilia nilipowaambia.

Niambie utakuja.

Kiroboto wako


Tarehe 26 Mei

Kiroboto,

Anayeandika ni shangazi yako, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze kiuno wala asiongeze mfuko.

(Siongezi kitu. Anasema taratibu kuliko anavyogomba, kwa hiyo naweza. Shangazi.)

Usinunue kwa ajili yangu. Kamera hainunuliwi kwa jicho la kuambiwa. Siku ile nilikaa mbele ya televisheni, nikatazama moja, nikatazama mbili, nikatazama tatu. Blanketi lilelile la ukungu. Hapo nikamwita huyu nikamuuliza, wewe mshona nguo, kati ya hizi tatu ipi inakupendeza?

(Nikamwambia ya tatu, mshono wa aproni unaonekana vizuri. Mimi fundi cherehani ningesema nini kingine? Tena nilitazama haraka, pasi ilikuwa motoni. Ule mwanzo ulipokuwa wewe sikuuona, nilikuwa chumba cha pili nampima mtu. Ningekuona ningemwambia.)

Sikumwambia asemezane na wewe, lakini basi. Ameandika, yakae.

Umeniuliza ipi ina ngozi ya mtu, ipi inabeba giza, na kama ile kubwa inafaa kukunyima taa. Jibu langu ni sijui. Andika hivyo hivyo. Sijui.

(Nimeandika.)

Kaa na wenzako wenye macho, tazameni, gombaneni, mchague. Uliniambia kwenye barua yako ya kwanza kwamba unaiona ndogo kama inakaribia kabisa ile kubwa, lakini huyaamini macho yako. Mimi sikukujibu hilo, nilikuwa na haraka ya kujisifu. Yaamini au usiyaamini, ni hayo hayo uliyonayo.

Na picha ya mwisho mpe mpigaji wako. Unasema utanishika mkono. Mwanangu, nashikwa mkono kwenda chooni, kunatosha. Ukimweka kipofu nyuma ya kamera, wenzako watalia, watapiga makofi, watapiga na picha kwa simu, halafu picha ya filamu itakuwa mbaya. Itakuwa mbaya na hakuna atakayethubutu kukuambia. Yule mama hakuja kukaa mbele ya moto ili mzee apewe heshima. Futa jina.

(Hapa alinyamaza. Nilimuuliza kama niandike kwamba amenyamaza, akasema niandike kwamba alikuwa anakohoa.)

Lile neno la jicho lako liko sawa, usilirudie tena. Barua ile niliitaka. Ungeniandikia nina kwato ningempelekea nesi vilevile.

Siku mtakayopiga, ukimaliza, usiniambie ilikuwa kamera gani. Niandikie moto ulikaa upande gani wa uso wake na kivuli cha pua kiliangukia wapi. Nitakuambia ulipokosea.

Mimi baba yako.

Ndiyo yote aliyosema. Kaniuliza kama nimeandika ukurasa mzima au nimefupisha, nikamwambia ni kurasa mbili, akasema vizuri. Matone naweka mimi sasa, namshika kidevu kama mtoto, anatukana, kisha anafumbua.

Barua hii inatoka na basi la mchana ikukute kabla ya hiyo Ijumaa. Bahasha naifunga haraka, ameamka mapema leo akakisogeza kiti chake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Anasema kakigeuzia dirishani, anataka kukaa kwenye mwanga kidogo afikirie. Kinatazama kabati. Amekaa hapo ameinua uso, ametulia kabisa. Sijamwambia.

Shangazi yako